Picha ya Bibi Mbuke Isisafishwe

Pale Mlandege, Iringa, ukiuliza kwa Severina Kikoti watu watakutazama tu. Uliza kwa Mama Eksirei, hapo utapelekwa mpaka mlangoni. Jina hilo hakuliomba. Alilipata kwa kukaa miaka thelathini na moja ndani ya chumba cha giza cha hospitali ya misheni, akitoa picha za mifupa ya watu: miguu iliyoangukiwa na magogo huko Mafinga, mbavu za waendesha bodaboda, vifua vya wazee wenye kikohozi kisichoisha, na siku moja sarafu iliyokwama kwenye koo la mtoto wa mwinjilisti. Aliingia chumba kile akiwa mama kijana mwenye kiuno, akatoka bibi wa wajukuu wanne. Mpaka leo gizani anatembea kama yuko sebuleni kwake, ila mchana kweupe hujikwaa kwenye ndoo.

Hospitali ilipoleta mashine mpya zinazorusha picha moja kwa moja kwenye kompyuta, chumba cha giza kikageuzwa stoo ya mifagio. Severina akaagwa kwa keki na kitenge, na mkubwa wake akamwambia achukue kumbukumbu yoyote aipendayo kutoka mle ndani. Mkubwa alidhani atachukua saa ya ukutani. Mama wa watu akaja na mkokoteni. Akabeba mabeseni, vibanio, kipimajoto, madumu manne ya dawa, na mwisho kabisa saa ya ukutani nayo akaichukua, asije akamvunjia mkubwa heshima.

Aliamini kwamba kazi ya mikanda ya picha imekufa. Kumbe haijafa, imekuwa ya watu wenye maringo. Vijana wa mijini wenye simu za kila aina walianza kununua kamera za zamani na kupiga picha za nyeusi na nyeupe, harusi, milima, vikombe vya chai, halafu wakahangaika kumtafuta mtu wa kuwasafishia mikanda yao. Maana kwa Kiswahili chetu mkanda ukishapigwa husafishwa. Nani alianza kusema hivyo sijui, na alikuwa anawaza nini sijui pia, kwa kuwa mkanda hauna uchafu wowote. Unatiwa gizani ndani ya dawa, dawa inaiamsha picha iliyojificha, kisha dawa ya pili, ambayo mafundi huiita fiksa, inaikaza isipotee. Kinachotoka ni negativu, ambayo cheusi chake ni cheupe na cheupe chake ni cheusi. Lakini tumeshasema kusafisha, na kusafisha kumebaki. Neno hili dogo ndilo lililokuja kumtoa jasho Severina.

Dawa aliyotumia ni ileile ya eksirei, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo na ndiyo aliyoiamini. Dakika zake alizihesabu kwa rozari. Saa ya ukutani haionekani gizani, lakini Salamu Maria huhitaji kuiona, na Severina alishajua kwamba makumi mawili ya rozari yakisaliwa bila haraka yanatosha kuivisha picha ya nyonga.

Tatizo likaanzia Mbeya. Vijana hawakutaka picha za karatasi, walitaka negativu zao ziskaniwe ziingie kwenye simu, na mwenye skana ya kazi hiyo alikuwa Gwakisa, Mnyakyusa mmoja mwenye duka la stationery pale Mwanjelwa. Kwa miaka mitatu Severina alimtumia negativu kwa basi, na kwa miaka mitatu hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Walijuana kwa sauti za WhatsApp tu, na sauti zenyewe zilikuwa za ugomvi.

"Mama, shikamoo," Gwakisa alikuwa akisema. "Mzigo umefika salama. Ila Mama, hii siyo negativu. Hii ni lami. Taa ya skana yangu imegonga hapo, imerudi."

"Marahaba," Severina alikuwa akijibu. "Hiyo skana yako ni kipofu. Ipeleke kwa daktari wa macho."

Ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa na haki kidogo. Dawa ya eksirei ni kali, imetengenezwa ionyeshe ufa kwenye mfupa, na daktari huitazama picha yake mbele ya taa kubwa. Skana ina taa ya unyonge. Inataka negativu nyepesi, iliyopikwa kwa upole, mwanga upite hata pale penye weusi mwingi. Severina alilijua hilo moyoni. Kukiri mbele ya Gwakisa ndiko kulikomkwama kooni.

Sasa, nyuma ya nyumba ya Severina kuna chumba cha uani, na humo amepanga Ng'washi, mwalimu wa jiografia wa sekondari. Ni binti wa Kisukuma, lakini amezaliwa bonde la Usangu, upande wa Chimala, ambako babu zake walihamia na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita na sasa wanalima mpunga. Mwezi wa saba mwaka huu, baridi ya Iringa ikiwa imeshika kasi, Ng'washi alitoka likizo, akagonga mlango wa jikoni.

"Mama, una mkanda?"

"Ninao mmoja tu, uko kwenye friji. Wa nini?"

"Wa Bibi yangu. Anataka picha ya msiba."

Severina akaweka mwiko chini. "Jamani! Pole mwanangu. Amefariki lini?"

"Hajafariki, Mama. Yuko chumbani kwangu anakula viazi."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Bibi Mbuke, ambaye umri wake unajulikana tu kuwa umevuka themanini, alikwenda kwenye msiba wa jirani yake huko Usangu. Mbele ya jeneza pakawekwa picha kubwa ndani ya fremu, ya mwanamume laini, anang'aa, shavu kama embe. Bibi akaitazama, akashusha pumzi, akageuka akaondoka zake. Alipoulizwa akasema amekosea nyumba, pale kuna msiba wa kijana asiyemfahamu. Kumbe alikuwa ni jirani yake wa miaka arobaini. Wajukuu wa marehemu walikuwa wamempitisha kwenye simu.

Aliporudi nyumbani akamwamuru Ng'washi ampige picha yake haraka, asije naye akafanyiwa hivyo. Ng'washi akampiga kwa simu. Bibi akaishika simu, akaisogeza, akaisogeza tena.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi? Mimi nimezaa tisa. Huyu hajaolewa bado."

"Simu imesafisha kidogo tu, Bibi. Inasafisha yenyewe."

Tangu siku ile Bibi Mbuke hakutaka kusikia neno kusafisha. Alikuwa na ombi moja tu hapa duniani, na alilisema kwa kila aliyemsogelea: siku akifa, anayeingia msibani amwone kwenye fremu na ajue bila kuuliza kwamba ni Mbuke. Picha ya kitambulisho aliyopigwa zamani kwa kamera ya mkanda ndiyo pekee aliyoikubali, na hiyo mchwa waliila.

Severina akaielewa shida hiyo kuliko Ng'washi alivyotegemea. Kwa miaka thelathini na moja alitoa picha za watu, maelfu kwa maelfu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitundika picha yake ukutani. Watu walizipokea na kulia, au walizipokea na kukimbizwa chumba cha upasuaji. Wazo la picha yake kuwekwa kwenye fremu, watu waje waitazame na waseme ndiye, lilimwingia likamkaa. Akautoa mkanda kwenye friji, pembeni ya samaki.

Kesho yake asubuhi, jua lilipopanda vizuri, Bibi Mbuke akakalishwa kwenye benchi uani. Alikuwa mwembamba, amenyooka, uso wake umejaa makunyanzi hata ungedhani mtu aliuchora kwa kisu chenye subira. Severina akaleta kamera yake ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiniambie nicheke. Msibani nani anacheka?"

Hakumwambia. Akapiga picha zote thelathini na sita, kwa kuwa karibu kila kamera ilipolia Bibi alifumba macho. Mwishowe akauzungusha mkanda ukarudi ndani ya kopo lake dogo, akaufuta kwa pindo la gauni, na hapo ndipo mdomo ukamponza.

"Haya, Mama, tumemaliza. Sasa nakwenda kuusafisha."

Bibi Mbuke akanyoosha mkono. "Nioneshe."

Severina akampa. Bibi akautazama mkanda, akaufunga kwenye ncha ya khanga yake, akatia fundo, akatia la pili, akakaa juu yake.

Ng'washi akaeleza. Severina akaeleza. Wakamwambia ni neno tu, ni mazoea, hakuna kinachooshwa. Bibi akauliza, kama hakioshwi, mbona wanasema kusafisha? Wakamwambia ni dawa. Bibi akauliza, dawa ya nini, yeye anaumwa? Severina alishawahi kuwatuliza watu wenye mifupa iliyochomoza nje ya ngozi, lakini bibi huyu alimshinda.

"Mtu mwingine kwanza," Bibi akaamua. "Msafisheni mtu mwingine, mwenye uzee kama wangu. Nimwone kwenye picha, nimwone kwa macho. Wakilingana, nitafungua."

Mtu mwingine akapatikana hatua ishirini tu. Philbert, fundi viatu wa pale kona, ana miaka sabini na mitano, na paji la uso lenye mistari mingi kuliko daftari. Severina akatafuta vipande vya mkanda wa zamani alivyokuwa navyo, akampiga Philbert picha huku mzee akinyonya misumari midomoni, akaanza kazi.

Kipande cha kwanza akakitia kwenye dawa ya eksirei, makumi mawili ya rozari, kama ilivyo desturi. Kikaenda Mbeya kwa basi, na kesho yake Gwakisa akakituma kwenye simu ya Ng'washi pamoja na masikitiko yake. Bibi akamwapisha Ng'washi kwamba hajagusa kitu. Halafu akamwita Philbert, akamsimamisha juani, akaiweka simu karibu na shavu lake. Kwenye picha paji la uso lilikuwa jeupe tupu kama sahani, na chini yake macho mawili kama mashimo.

"Huyu kaungua," Bibi akasema.

"Mimi?" Philbert akauliza.

"Wewe mzima. Huyu kaungua."

Severina akarudi ndani. Kabatini alikuwa na dawa nyingine, ya unga, aliyoachiwa zawadi na kijana mmoja wa Dar, ambayo inasifiwa kwa upole. Hajawahi kuipenda, kwa sababu ya upole huohuo. Akaikoroga. Kipande cha pili kikaenda Mbeya, na safari hii Gwakisa alifurahi, akasema mwanga umepita kama uko kwao. Bibi akaiweka simu kwenye shavu la Philbert kwa mara ya pili. Mistari ya paji la uso ilikuwa imefifia, na ngozi imelainika.

"Huyu mdogo wake," Bibi akasema. "Huyu kapakwa mafuta. Mmemsafisha."

Philbert, kwa siri, alimwomba Ng'washi amtumie ile.

Jioni ile Severina akampigia Gwakisa, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakumtukania skana yake. Akamweleza yote. Dawa kali inamtoa mzee na mistari yake lakini inaziba mwanga, skana haisomi. Dawa laini inapitisha mwanga lakini inamla mzee. Afanye nini?

Gwakisa akashusha sauti, kama mtu anayetaka kusema jambo la aibu. "Mama, usinicheke. Kuna watu kule mtandaoni wanasafisha kwa kahawa."

"Kwa kitu gani?"

"Kahawa, Mama. Ile ya unga ya kwenye kopo. Unatia magadi, unatia vidonge vya vitamini C. Wanasema inatoa kila kitu usoni, halafu haiwi lami."

"Gwakisa, mwanangu, kahawa inanywewa."

"Hata mimi najua, Mama. Nasema tu wanavyosema."

Ukweli Severina alichukia. Mtu aliyesomea kazi yake, akapewa cheti, aje aoshe mkanda kwa kinywaji! Lakini alikuwa hana pengine pa kwenda. Akanunua kopo la kahawa, akanunua vidonge duka la dawa, na dukani kwa jirani akaomba magadi, akapewa pakiti nyeupe imeandikwa vizuri kabisa: magadi soda. Akapima, akakoroga, akatia kipande cha tatu ndani ya tanki lake dogo lisilopitisha mwanga. Kwa kuwa kahawa ni ya upole akasali rozari nzima, makumi matano, bila kuruka hata Baba Yetu, kisha akatia fiksa. Akafungua.

Mkanda ulitoka safi kama kioo cha dirisha. Hakuna Philbert, hakuna benchi, hakuna kitu.

Bibi Mbuke akaushika, akautazama juani, akaona upande wa pili mpaka kwenye banda la kuku. "Sasa huyu mmemsafisha kabisa," akasema.

Severina akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Hakulia, lakini alikuwa karibu. Alijiona mjinga, mzee, na mtu aliyechezewa na kijana wa Mwanjelwa ambaye hata sura yake haijui. Kwenye khanga ya bibi yule ulikuwemo mkanda mmoja tu, na yeye hana dawa ya kuutoa.

Bibi Mbuke alikuwa hasikitiki. Alikuwa anapekua. Aliuona mchanganyiko mezani, akaunusa kopo la kahawa, akatikisa kichwa kwa uharibifu ule, halafu akachovya kidole ndani ya pakiti nyeupe.

"Hii nini?"

"Magadi, Mama."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa hapo kwenye pakiti. Magadi soda."

"Karatasi haina ulimi." Bibi akalamba kidole. Akangoja. Akalamba tena, uso wake haukubadilika hata kidogo. "Hii ya maandazi. Haiumi. Magadi inauma."

Akatia mkono kifuani, akatoa kikopo chake cha ugoro, na chini ya ugoro akachokonoa kipande cha jiwe la kijivu, kidogo kama jino. "Lamba."

Severina akalamba. Ulimi ukamkunjamana, machozi yakamtoka, akapiga chafya mara tatu.

"Hiyo," Bibi akasema kwa kuridhika. "Hiyo ndiyo magadi. Ugoro bila hiyo ni majani tu. Na dawa yako bila hiyo ni kahawa tu."

Sasa mtaa ukipenda kucheka na ucheke, lakini ndivyo lugha ilivyo. Dukani unga wa kuumulia maandazi huitwa magadi, na mawe ya kulainishia maharage na kutilia ugoro nayo huitwa magadi, na Severina, Mkatoliki mwaminifu asiyevuta wala kunusa, hakuwahi kuwa na sababu ya kuyatofautisha kwa ulimi. Kesho yake wakaenda sokoni wote watatu. Bibi Mbuke akapita meza kwa meza akilamba. Hili limechanganywa chumvi. Hili limelala sana. Mama mmoja muuzaji akauliza kama amekuja kununua au kupata kifungua kinywa, na Bibi akamjibu kwamba angekuja kwa chakula angekwenda kwenye chakula. Meza ya sita akakunja uso, akafumba macho, akapiga chafya. "Pima hii."

Wakaisaga kwenye kinu, wakaiyeyusha, wakaichuja kwa kitambaa. Ilipokutana na kahawa na vile vidonge, harufu iliyotoka haielezeki. Philbert alikuja mpaka getini, akauliza kuna nini kimekufa. Severina akatia kipande cha nne. Rozari nzima. Akafungua tanki, akainua mkanda, na ndani ya rangi ya chai ya rangi akamwona Philbert, nywele nyeusi, uso mweupe, misumari midomoni, yupo.

Sauti ya Gwakisa ilifika kesho yake saa nne, na ilikuwa ya kelele. "Mama! Mama, hii hii! Umefanya nini? Mwanga unapita, na mzee yumo mzima. Nimehesabu mistari ya paji la uso, iko saba!"

Philbert akaitwa. Bibi akamwinua kidevu, akahesabu kwa kidole, bila haraka, kuanzia juu.

"Saba," akasema. Akainuka, akashika ncha ya khanga, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili.

Mkanda wa Bibi ulisafishwa siku hiyohiyo, mchana, mbele ya macho yake. Severina aliuingiza kwenye tanki ndani ya stoo iliyozibwa kwa mablanketi, akatoka nao nje, akamimina ile kahawa inayonuka, akaanza kusali na kuligeuza tanki polepole kila alipomaliza Salamu Maria mbili.

"Unaisafisha au unaiombea?" Bibi akauliza.

"Vyote viwili, Mama."

"Basi usiharakishe hapo kwenye kuombea."

Negativu zikaanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Bibi akaenda kuzitazama, akaona uso wake mweupe pe na khanga yake imegeuka rangi. "Mmenifanya mzungu," akalalamika, lakini hakuonekana kuwa na wasiwasi sana. Kwa sasa alikuwa na imani na magadi yake.

Kwa kuwa ilikuwa wakati wa kumrudisha Bibi Chimala, na Mbeya haiko mbali kutoka hapo, wakakubaliana wapitilize mpaka Mwanjelwa, waione picha ikitoka, halafu warudi. Severina akavaa kitenge cha kuagwa kwake. Gwakisa alipomwona mlangoni akabaki mdomo wazi.

"Mama! Nilidhani wewe ni mrefu."

"Na mimi nilidhani una akili," Severina akajibu, na wakashikana mikono wakicheka kama ndugu waliopotezana.

Mwanga wa skana ukapita juu ya negativu taratibu, ukarudi. Gwakisa akachagua ile ambayo Bibi hakufumba macho, ilikuwa moja tu kati ya thelathini na sita. Hakuirembesha. Ng'washi alisimama nyuma yake kuhakikisha. Mashine ikaitoa kwenye karatasi nzito, kubwa kama sinia. Makunyanzi yote yalikuwepo, kila moja na kivuli chake, na macho yalikuwa yanakutazama wewe uliyesimama pale.

Severina akajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba ni picha nzuri kuliko zote alizowahi kutoa. Na akaogopa. Mkanda mwingine hakuwa nao. Gwakisa akampa karatasi, naye akampa Ng'washi, na Ng'washi akampa Bibi.

Bibi Mbuke akatoka nayo mpaka mlangoni penye mwanga wa jua. Akaishika kwa mikono miwili. Akaitazama muda mrefu mno.

"Huyu si mimi," akasema.

Gwakisa akaanza kusema skana haidanganyi, Severina akamgeukia akasema kama siyo skana ni nini basi, Gwakisa akasema labda magadi, na ugomvi wa miaka mitatu ukawa unataka kuanza upya hapohapo dukani. Ng'washi akawashika wote wawili mikono.

Bibi hakuwa akiwasikia. Alikuwa amepeleka kidole kwenye picha, pembeni ya mdomo, pale mkunjo unaposhuka, akaufuata mpaka kidevuni.

"Huyu ni mayu," akasema.

"Mama yake," Ng'washi akanong'ona. "Alibaki Usukuma. Alifia huko."

Bibi Mbuke akakunja magoti kidogo, kama mabinti wa kwao wanavyofanya mbele ya wakubwa, mzee yule wa miaka themanini na zaidi, mlangoni mwa duka la daftari na bahasha. "Mwangaluka, mayu," akaiamkia picha. Machozi yakamshuka akayaacha yashuke.

Mwishowe Severina akasogea, akamgusa bega. "Mama," akasema taratibu, "sasa hii ya msibani..."

"Msiba wa nani?" Bibi akamtazama kama mtoto aliyeuliza swali la kijinga. Akaifunika picha kwa khanga yake, kwa uangalifu, kama anamfunika mtu baridi isimpate. "Mayu hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote. Leo amepigwa. Mimi mtanipiga mwakani. Sina haraka."